Risasi Haizibi Tundu

Msomaji, kila mwaka liko shauri linalozuka upya katika misitu ya Amerika ya Kaskazini, nami naomba ulisikilize kama hakimu, upande huu na upande ule, kabla ya kutoa hukumu. Mshtaki ni mkulima. Mshtakiwa ni kindi. Yasemwa kwamba kindi hutafuna mirija ya plastiki inayochukua utomvu wa miti, na kwa meno yake humtia mkulima hasara kubwa. Adhabu inayoombwa ni kifo: kwa risasi, kwa mtego, au kwa sumu. Mimi nakubali kwamba shtaka ni la kweli. Naikataa adhabu, wala siikatai kwa ajili ya huruma peke yake. Naikataa kwa kuwa haimponyi aliyeumia, na kwa kuwa sehemu yake moja, yaani sumu, huwaua wengi ambao hawakutajwa katika shtaka.

Kwanza yakupasa kuijua kazi yenyewe. Katika majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani, kama vile Vermont, New York na Maine, na katika jimbo la Quebec nchini Kanada, huota mti uitwao mepoli, ambao jani lake umeliona katika bendera ya Kanada. Mwishoni mwa majira ya baridi, kati ya Februari na Aprili, maji huganda usiku yakawa barafu, na mchana jua huyayusha. Kupanda na kushuka huko kwa joto huusukuma utomvu ndani ya mti, na mtu akitoboa tundu dogo katika shina, utomvu hutiririka. Wenyeji wa asili wa nchi zile, kama Waabenaki na Waanishinaabe, walikuwa wakiupika utomvu huo kuwa sukari kabla Wazungu hawajafika. Kwa Kiswahili kazi hiyo ina jina lake tayari, nayo ni kugema. Mtu wa Pwani yetu apandaye mnazi asubuhi na jioni kukitazama kibuyu chake angemwelewa mgema wa Vermont bila mkalimani, ingawa mmoja hutoa tembo na mwingine hutoa shira.

Utomvu wa mepoli ni mwepesi kama maji. Sukari iliyomo ni asilimia 2 hivi tu, kwa hiyo lita 40 hivi za utomvu huchemshwa ili ipatikane lita 1 ya shira. Mti nao hauharakishwi. Aghalabu hungojwa miaka 40 au zaidi ndipo shina lake liwe nene kiasi cha kutobolewa bila madhara. Na msimu ni mfupi. Majuma manne, pengine sita, kisha machipukizi hufunguka, utomvu hubadilika ladha, na kazi imekwisha. Tone lililopotea mwezi wa Machi halirudi mwezi wa Juni. Mkulima wa huko hulipia gharama za mwaka mzima kwa siku chache ambazo hazichagui yeye, bali huchaguliwa na baridi na jua.

Zamani kila mti ulitundikwa ndoo, na watu walipita katika theluji wakikusanya utomvu na kuumimina katika pipa lililokokotwa na farasi. Katika miaka ya 1950 mambo yalianza kugeuka. Mwaka 1959 Nelson Griggs wa Vermont alipata hati ya uvumbuzi kwa mtambo wa kukusanyia utomvu kwa mirija ya plastiki. Leo mirija myembamba, ambayo uwazi wake aghalabu ni milimita 8 hivi, hutoka mti hata mti, ikaungana na mabomba makubwa yanayoteremka hadi kwenye nyumba ya kupikia. Huko chini pampu hunyonya hewa kutoka katika mirija yote na kufanya ombwe. Wanafunzi wa fizikia watafahamu mara moja faida yake: mti ulio na msukumo ndani na ombwe nje hutoa utomvu mwingi zaidi. Wataalamu wa kazi hii hukadiria kwamba kila inchi moja ya zebaki inayoongezwa katika ombwe huongeza mavuno kwa asilimia 5 hadi 7. Pampu nzuri hufikisha inchi 25 na kupita. Fanya hesabu mwenyewe, uone kwa nini wakulima waliziacha ndoo.

Sasa fikiri kindi anateremka tawini, anaukuta mrija, anauma. Tundu aliloliacha laweza kuwa dogo kuliko punje ya mtama. Lakini pampu iliyo mbali haijui kuchagua kati ya utomvu na hewa. Hunyonya kile kijacho kwa wepesi, na hewa huja kwa wepesi zaidi. Ombwe hushuka katika miti yote iliyofungwa katika mrija ule, hata ile iliyo mbali na tundu. Mti ambao kindi hakuugusa hulipa deni la mti aliougusa. Na kindi hatosheki na tundu moja. Aweza kuuma hapa, akaruka, akauma pale, na viungio vya plastiki navyo akavitafuna, hata mkulima afikapo akakuta mstari mzima unapiga mluzi wa hewa. Mtu anayeicheka hasara hii hajapata kungoja mavuno ya majuma sita kwa miezi kumi na miwili. Basi tusimdharau mshtaki. Ana haki ya kulalamika.

Na mshtakiwa ni nani? Kindi watajwao sana ni wawili: kindi mwekundu, ambaye ni mdogo na mkali, na kindi wa kijivu, ambaye ni mkubwa zaidi. Wote wawili wana meno ya mbele yasiyokoma kuota maisha yao yote, na kiumbe mwenye meno kama hayo hana budi kutafuna. Lakini katika habari ya mepoli kindi mwekundu ana hoja yake ya zamani. Mwaka 1992 mtaalamu wa viumbe Bernd Heinrich aliandika habari ya mambo aliyoyaona katika misitu ya Maine. Aliona kwamba kindi wekundu huliuma gome la mepoli, kisha huenda zao. Hawakai kunywa utomvu ule mwepesi. Hurudi baadaye, baada ya jua na upepo kuyakausha maji, wakailamba sukari iliyobaki juu ya gome. Kwa maneno mengine, kindi hugema, na hupika shira yake bila moto wala sufuria. Hakufundishwa na kiwanda chochote. Mtu atandazaye mrija wenye utamu mbele ya mgema wa namna hiyo asistaajabu ukiumwa.

Nimesema haya, wala sikusema kwamba kindi ana haki ya kula mali ya mtu. Nataka tu tuliondoe katika shauri hili neno moja linaloharibu fikira, nalo ni neno "mwizi". Mwizi ajua kwamba mali si yake. Kindi hajui. Ukimwita mwizi utatafuta kisasi, na mtafuta kisasi hutosheka aonapo damu, hata kama hasara yake iko pale pale. Ukimwona kama mvua, upepo au mchwa, yaani jambo la msituni ambalo mwenye mali hana budi kujikinga nalo, utatafuta njia ya kujikinga. Hapo ndipo akili huanza kufanya kazi.

Wengi wa wakulima wenye hasira huifuata methali ya kwetu bila kuijua: dawa ya moto ni moto. Tuitazame dawa yao basi, tukianza na bunduki na mtego.

Katika misitu ya Yukon, kaskazini mwa Kanada, wataalamu wamewachunguza kindi wekundu tangu mwaka 1987, kizazi baada ya kizazi, kila mnyama akitiwa alama sikioni. Wamejifunza kwamba kindi mwekundu ni mwenye eneo. Hulishika, huweka humo akiba ya mbegu kwa ajili ya majira ya baridi, na hulilinda kwa kelele na kwa meno. Kijana asiyepata eneo kabla ya baridi kuingia aghalabu hufa. Angalia maana yake: daima wako msituni wanaotafuta nafasi kwa kufa na kupona. Ukimwua mwenye eneo, hukulifunga eneo lile. Umelitangaza kuwa liko wazi. Mrithi aweza kuingia mapema, naye ana meno yale yale na ulimi ule ule upendao sukari. Ni kweli kwamba msitu wa Yukon haufanani na msitu wa mepoli, na kwamba kindi wa kijivu halindi eneo kwa ukali wa namna ile. Lakini kindi wa kijivu naye huhama kufuata chakula, na jike wake aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Pengo la mmoja halikosi wa kulijaza.

Tena wingi wa kindi hauamuliwi na bunduki. Huamuliwa na mbegu. Mwaka 2017 mialoni ya New England ilizaa kwa wingi usio wa kawaida. Kindi wakala wakashiba, wakazaa, na mwaka 2018 wakawa wengi hata watu wa New Hampshire, Vermont na Maine wakawaona wamelala barabarani, wamekanyagwa na magari. Hapana bunduki iliyouleta wingi ule, wala hapana bunduki iliyouondoa. Mwaka wa shibe hufuatwa na mwaka wa njaa, na njaa huwapunguza kindi kuliko wawindaji wote wa jimbo zima. Mkulima atumiaye siku zake kupigana na wimbi kama hilo ni kama mtu anayeyapiga maji ya bahari kwa fimbo. Atachoka, na bahari itakupwa kwa wakati wake yenyewe.

Sumu ni mbaya zaidi, na hapa sisemi kwa upole. Sumu inayotumiwa sana kwa panya na jamaa zake ni ile inayozuia damu isigande. Mnyama aliyeila hafi papo hapo. Huishi siku kadhaa, akienda polepole, asiweze kukimbia vema, na kwa hiyo huwa windo jepesi. Bundi humkamata, mwewe humkamata, na sumu iliyokuwa katika ini la windo huingia katika ini la mwindaji. Mwaka 2011 daktari wa wanyama Maureen Murray wa Chuo Kikuu cha Tufts, katika jimbo la Massachusetts, alitangaza matokeo ya uchunguzi wa mwewe na bundi 161 walioletwa katika zahanati ya wanyama wa porini. Asilimia 86 kati yao walikuwa na sumu ya namna hiyo katika maini yao. Hakuna aliyekuwa amemtegea mwewe wala bundi. Waliotegewa walikuwa panya. Sumu haisomi jina lililoandikwa katika shtaka. Ndiyo sababu maelekezo ya sumu hizo huko Marekani hukataza kuitawanya msituni, mbali na majengo. Mkulima anayeiweka chini ya miti yake huvunja sheria, na huiweka karibu na mirija inayochukua chakula cha watu.

Vermont yenyewe ina historia ambayo yampasa kila mkulima wake aikumbuke. Huko aliishi pekani, mnyama mla nyama wa jamii ya kicheche, ambaye huwinda kindi na, kwa ustadi wa ajabu, huwinda hata nungunungu. Watu walikata misitu, wakamtega kwa ajili ya ngozi yake, hata karibu atoweke kabisa katika jimbo lile. Nungunungu wakazidi, nao hutafuna magome hata miti ikafa. Ikawalazimu wakuu wa misitu kutafuta dawa ya meno yale. Kati ya mwaka 1959 na 1967 walileta pekani 124 kutoka jimbo la Maine, wakawafungulia katika misitu ya Vermont. Pekani wakashika makao, na hadi leo wapo. Fikiri basi: nchi iliyosafiri hata jimbo la pili kumtafuta mlinzi wa miti yake, leo mtu mmoja wa nchi hiyo hiyo amlishe mlinzi huyo sumu iliyomo ndani ya kindi, kisha alalamike kwamba kindi wamezidi! Kila bundi, kila mwewe na kila pekani afaye kwa sumu ni askari wa mkulima aliyeuawa na mkulima mwenyewe.

Sasa nageuka kwa mshtaki, kwa maana hakimu mwema humwuliza na mshtaki amefanya nini. Wakulima wengi husafisha mirija yao mwisho wa msimu ili vijidudu visiharibu utomvu wa mwaka ujao. Wengine wametumia dawa ya klorini yenye sodiamu, ile ile ambayo majumbani hung'arishia nguo nyeupe. Dawa hiyo ikikauka huacha chumvi. Na wanyama walao majani, mbegu na magome huwa na uhaba wa chumvi, hata wakaitafuta kwa taabu nyingi. Msomaji wa magharibi mwa Kenya aweza kuufahamu uhaba huo kwa kukumbuka ndovu wa Mlima Elgon, ambao huingia gizani katika pango la Kitum kuchimba chumvi ya mwamba kwa pembe zao. Ikiwa ndovu huingia pangoni kwa ajili ya chumvi, kindi atashindwaje kuuma mrija mwembamba? Hivyo mkulima huyo ameutia mrija utamu wa mepoli, akaongeza chumvi ya dawa, akaacha vyote vikining'inia msituni mwaka mzima, kisha ameshika bunduki kwa kuwa mgeni amekubali karamu. Wataalamu wamekwisha kuwaonya wakulima juu ya chumvi hiyo. Tena iko dawa ya klorini yenye kalisiamu badala ya sodiamu, na huko Kanada wapo wanaotumia spiriti. Kubadili dawa hakuhitaji kumwua kiumbe yeyote.

Utaniuliza, "Basi mkulima afanye nini? Akae kimya, mirija itobolewe?" La, hasha. Nataka afanye kazi nyingi zaidi kuliko ile ya kufyatua risasi. Asubuhi ya siku ya utomvu atembee katika msitu wake, viatu vya theluji miguuni na mkoba begani, ndani yake vipande vya mrija, viungio na koleo. Atazame mapovu yanavyopita ndani ya mrija. Yakikimbia mbio, huko juu hewa inaingia mahali. Atege sikio, kwani tundu hupiga mluzi. Alikate lile pande lililotobolewa, aunge jipya, aendelee. Kila mwisho wa mstari aweke kipimo cha ombwe, ili ajue bila kubahatisha ni mstari gani unaovuja. Msimu ukiisha asiuache utomvu uchachuke katika mirija, ukaita kila pua ya msituni. Aisafishe upesi, kwa dawa isiyoacha chumvi. Vipande vifupi vinavyotoka katika mti, ambavyo huumwa sana, avibadilishe kwa zamu. Methali ya wazee wetu yasema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Vermont ufa ni tundu la jino, na ukuta ni mavuno ya mwaka mzima.

Mtetezi wa bunduki atasimama hapa, naye ana swali lenye nguvu. Atasema, "Ushauri wako wafaa kwa mzee mwenye miti mia mbili. Leo yako mashamba yenye matundu zaidi ya 100,000. Nani atatembea mirija yote hiyo kila siku?" Namjibu kwamba swali lake lamhukumu mwenyewe. Kama shamba ni kubwa hata watu hawawezi kuitembelea mirija, watu hao hao watawawindaje kindi wote waliomo? Anayeshindwa kuufuata mrija ambao haukimbii hataweza kumfuata mnyama anayekimbia. Tena mashamba makubwa yamekwisha kupata msaada. Viko vipimo vya umeme vinavyofungwa katika mirija, ambavyo hutuma habari za ombwe kwa njia ya redio hata kwenye simu ya mkulima, naye akiwa nyumbani hujua ni mstari upi umetobolewa. Vina gharama, hilo sikatai. Lakini ombwe lilimletea faida ambayo ndoo haikumpa, na ni haki kwamba sehemu ya faida hiyo ilinde chombo kilicholeta faida. Mtu haijengi nyumba ya mabati akagoma kununua misumari.

Wala sisahau mkulima mdogo, asiye na vipimo vya umeme wala vibarua, mwenye mke, watoto na majuma sita. Huyo ndiye ninayemwonea huruma zaidi, na ndiye ninayemkataza zaidi kupoteza wakati. Saa mbili anazokaa chini ya mti akimvizia kindi ni saa mbili ambazo mrija unavuja. Tuseme amempata. Amempiga, kindi ameanguka, mkulima amefurahi. Je, ombwe limepanda? Halikupanda. Tundu liko pale pale, hewa inaingia vile vile, na ile miti iliyo mstari mmoja nalo ingali inamnyima utomvu. Bado hana budi kuchukua koleo na kuunga mrija. Basi kazi ambayo hana budi kuifanya baada ya kuua, na aifanye kwanza. Akiisha kuifanya ataona kwamba sehemu kubwa ya hasara imepona, na kindi yu hai au amekufa, jambo hilo limekuwa dogo.

Ili nisionekane nimepita kiasi, natoa ruhusa moja. Mkulima aliyekwisha kuziba matundu yake, aliyebadili dawa yake, aliyetembea mirija yake, kisha akamwona kindi mmoja aliyezoea mahali pamoja, anarudi kila siku hapo hapo, akampiga kwa kadiri sheria ya nchi yake inavyoruhusu, simwiti mhalifu. Wakulima wa kila nchi wamepata kufanya hivyo, na watoto wao wamekula. Ninachopinga ni kuifanya ruhusa hiyo kuwa kanuni. Kuitanguliza bunduki mbele ya koleo. Na kumwaga sumu ambayo haitofautishi mharibifu na mlinzi. Kuua kwa mwisho, baada ya kazi yote, ni jambo moja. Kuua kwa mwanzo, mahali pa kazi yote, ni uvivu uliovaa nguo za bidii.

Neno hilo "uvivu" litawachoma wengi, kwa kuwa mwenye kuua huonekana mchapakazi. Ana silaha, ana jasho, ana mzoga wa kuwaonyesha majirani. Aliyeunga mrija hana cha kuonyesha. Mrija mzima hufanana na mrija ambao haukupata kutobolewa. Hilo ndilo linalowadanganya watu. Kwa hiyo kazi ya kelele hupata sifa, na kazi ya utulivu huleta shira. Mgema wa kwetu, kama methali isemavyo, akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema wa Vermont asifiwapo kwa wingi wa kindi aliowaua, ajihadhari, utomvu wake usije ukamwagika theluji wakati anapigiwa makofi.

Kijana unayesoma, hukuitwa katika shauri hili kwa kuwa wewe ni mgema wa mepoli. Umeitwa kwa kuwa siku moja utakuwa na kitu chako cha kulinda, shamba, ghala, duka au ofisi, na kiumbe fulani atakiharibu, naye atakuwa mdogo kuliko wewe. Hasira itakuambia kwamba mwenye kuonekana na kosa ndiye asili ya hasara yote. Kabla hujaitii, uulize: adhabu hii itaiziba hasara yangu, au itaniburudisha moyo tu? Ni nani mwingine atakayekufa kwa ajili yake? Na chumvi iliyomwita, ni nani aliyeitia? Maswali hayo ni mepesi kuyatamka na mazito kuyajibu, hasa lile la tatu, kwa maana jibu lake mara nyingi liko mikononi mwa muulizaji.

Kindi ataendelea kuuma. Alikuwa akiuma gome la mepoli kabla ya plastiki kuvumbuliwa, na meno yake hayataacha kuota kwa sababu ya maneno yangu. Lakini mkulima, tofauti na kindi, aweza kuyabadili mazoea yake. Kati ya hawa wawili, ni mmoja tu anayeweza kusoma kipimo, kuchagua dawa na kushika koleo, na juu yake ndipo lilipo jukumu. Hivyo ndivyo nionavyo mimi. Msomaji, umesikia upande huu na upande ule. Hukumu ni yako.